Macho Yasiyo na Ulimi

Wako wasomi wa sanaa wasemao kuwa mtu aliyeokoka katika maangamizi hutendewa heshima kubwa zaidi asipoonyeshwa. Hoja yao ni kwamba picha ya mateso yake, ikiisha kutundikwa ukutani mbele ya watu wasiomjua, humtesa mara ya pili. Kwa hivyo msanii mwema ni yule afunikaye picha na kuwaachia watazamaji giza la kufikiria. Katika hoja hii mna kweli, na kwa kuwa mna kweli imepita katika madarasa na majarida kwa miaka thelathini bila ya kuulizwa swali lililo jepesi kuliko yote: mtu huyo aliyestiriwa uso, ulimi wake uliwekwa wapi?

Kazi itajwayo sana katika kuitetea hoja hiyo ni ya Alfredo Jaar, mzaliwa wa Santiago katika nchi ya Chile mwaka 1956, aliyesomea usanifu wa majengo na utengenezaji wa filamu kabla ya kuhamia New York mwaka 1982. Mwezi wa Agosti 1994, wiki chache baada ya kwisha mauaji ya kimbari waliyofanyiwa Watutsi wa Rwanda, alikwenda huko na kamera yake. Alirudi na picha kwa maelfu. Kwa miaka sita iliyofuata, hata mwaka 2000, alizifanyia picha hizo kila namna ya kazi isipokuwa ile inayotarajiwa kwa mpiga picha, yaani kuzionyesha kama zilivyo. Alizitia masandukuni, alizifunika kwa maandishi, alizikata zikabaki macho matupu, alizitia ukungu. Mtu huyu si mzembe wala si mlaghai, na ubishi juu yake haufai kuanza kwa dharau.

Sifa yake ya kwanza apewe bila ya ubahili. Alikusanya majalada 17 ya jarida la Newsweek ya tangu mwezi wa Aprili hata tarehe 1 Agosti 1994, akayapanga ukutani moja moja. Chini ya kila jalada akaandika mambo yaliyokuwa yakitokea Rwanda katika juma lile na hesabu ya watu waliokuwa wamekwisha kuuawa. Hesabu hupanda, na majalada huzungumza habari nyingine. Rwanda haikupata jalada ila katika toleo la tarehe 1 Agosti, wakati ambapo mauaji yalikuwa yamekwisha na kipindupindu kilikuwa kikiua wakimbizi huko Goma. Hapa picha na neno zimesimama pamoja, kila moja imebeba mzigo wake, na aliyewekwa kizimbani ni yule anayestahili kuwekwa huko: mhariri wa ng'ambo, na msomaji wake aliyekunja jarida akaendelea na chai. Hapana kazi ya sanaa iliyosema jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Mambo hubadilika mshtakiwa anapoondoka na aliyeokoka anapoingia. Mwaka 1995, katika mji wa Chicago, Jaar alitoa kazi aliyoiita Picha Halisi. Mtazamaji aliingia katika chumba chenye mwanga hafifu, akakuta masanduku meusi, ya aina itumiwayo kuhifadhi nyaraka, yamepangwa juu ya sakafu mfano wa makaburi. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na picha iliyopigwa Rwanda, nalo halikufunguliwa. Juu ya kifuniko yaliandikwa kwa herufi nyeupe maelezo ya picha iliyozikwa chini yake: mahali, siku, na mtu aonekanaye. Wapenzi wa sanaa walitoka humo wakisema kuwa picha imeshindwa na kimya kimeshinda.

Usemi huo ni wa ajabu, kwa sababu kimya hakikuwamo chumbani. Chumba kilijaa maneno. Lililoshinda picha lilikuwa ni neno, tena neno lililoandikwa wazi, lenye jina la mtu na jina la mahali. Yeyote afundishaye lugha angefurahi kuliona jambo hili likikubaliwa na watu wa picha, lakini wao wenyewe hawakulikubali. Walilipita wakaenda kuisifu rangi nyeusi ya masanduku. Na kwa kuwa hawakuona kuwa ni neno lililofanya kazi, hawakuuliza neno lile lilikuwa la nani, wala lilikuwa la lugha gani.

Kazi ya mwaka 1996, iitwayo Macho ya Gutete Emerita, ndiyo iliyopata sifa zaidi, na ndiyo ifaayo kutazamwa kwa makini. Ilitengenezwa kwa namna zaidi ya moja. Katika namna moja mtu hutembea kando ya ukuta akisoma maandishi membamba yenye mwanga, kisha huingia katika chumba chenye meza kubwa ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, na juu yake pamerundikwa slaidi milioni moja. Huichukua mojawapo, huitazama kwa kioo cha kukuzia, huona macho mawili ya mwanamke. Huchukua ya pili, huona macho yale yale. Katika namna nyingine husoma maandishi yanayowaka gizani, tena yaliyo machache zaidi, tena machache zaidi, kisha macho humtokea kwa muda mfupi mno na kutoweka. Habari inayosimuliwa ni ya mwanamke aliyeponea chupuchupu katika kanisa la Ntarama, eneo la Bugesera, kusini ya Kigali. Mumewe na wanawe wawili waliuawa mbele ya macho hayo. Yeye na binti yake walikimbia, wakajificha kinamasini kwa wiki tatu, wakitoka usiku kutafuta chakula.

Hakuna asomaye habari hiyo akabaki kama alivyokuwa. Walakini asomapo mara ya pili hutambua jambo. Maandishi ni ya Kiingereza. Msemaji wake ni msanii, naye ndiye akumbukaye, kwa nafsi ya kwanza, macho aliyoyaona. Mwanamke husimuliwa. Na lile lililo zito kuliko yote limo ndani ya maandishi yenyewe: yanasema kwamba mwanamke huyu huzungumza juu ya jamaa zake waliopotea, na kwamba azungumzapo huinyosha mkono kuionyesha mizoga iliyolala chini. Kwa hiyo alisema! Mbele ya msanii, siku ile, mbele ya kanisa, alifungua kinywa akasema. Mtazamaji wa New York na wa Paris amepewa mkono ulionyoshwa, amepewa macho mara milioni moja, lakini hata sentensi moja ya maneno yaliyotoka katika kinywa kile hakupewa.

Mtetezi wa Jaar atajibu kuwa huko ndiko kumheshimu. Jibu hilo lingekuwa na nguvu lau mwanamke angekuwa ameachwa bila ya jina. Jina lake limetiwa katika anwani ya kazi, likachapwa katika orodha za maonyesho, likaandikwa juu ya lebo za makumbusho; leo ukilitaja mbele ya mwanafunzi wa sanaa, hudhani umetaja sanamu. Aliyefichwa ni nani basi, ikiwa jina liko wazi na macho yako wazi, na kilichofichwa ni usemi peke yake?

Wala maneno ya msanii hayakutunzwa kwa uangalifu unaostahili shahidi. Maandishi yake hutaja watu 400 waliouawa katika kanisa la Ntarama asubuhi ya Jumapili, wakati wa misa. Kumbukumbu iliyowekwa pale kanisani hutaja watu wapatao 5,000, na siku ya shambulio huadhimishwa kuwa ni tarehe 15 Aprili 1994, nayo ilikuwa Ijumaa. Waliomo kanisani walikuwa wakimbizi waliotafuta himaya, kama walivyofanya wazee wao katika machafuko ya miaka ya nyuma, ambapo kanisa lilikuwa likiwaokoa. Mgeni aliyefika mwezi wa Agosti katikati ya nchi iliyoharibika alaumiwe kidogo kwa kukosea hesabu. Lakini miaka imepita, watu wa Ntarama wamehesabu wafu wao, mahakama zimekaa, na kazi ya sanaa inaendelea kusafiri na hesabu yake ya kwanza. Kitabu cha historia chenye kosa la namna hiyo hupigiwa kelele na kuchapwa upya. Kazi ya sanaa huambiwa kuwa ni ya hisia, nayo husamehewa. Msamaha huo hautolewi na waliofiwa.

Hapa ndipo neno "ukimya" linapoletwa kama ngao. Husemwa kuwa mateso makubwa hayasemeki, na kwamba manusura mwenyewe hunyamaza. Hutajwa kazi ya mwaka 1997, Ukimya wa Nduwayezu, juu ya mtoto wa miaka mitano aliyekuwa katika kambi ya Rubavu, ambaye baada ya kuwaona wazazi wake wakiuawa kwa mapanga alinyamaza kwa muda wa wiki nne. Slaidi milioni moja, meza yenye taa, macho ya mtoto. Lakini wiki nne zina mwisho! Mtoto aliyenyamaza wiki nne ni mtoto aliyesema katika wiki ya tano. Alisema nini? Aliomba maji, aliita jina la mama yake, alimuuliza mtu swali? Kazi nzima imejengwa juu ya zile siku 28, na siku iliyofuata, siku ambayo kwa mlezi yeyote ingekuwa ndiyo habari, haimo. Ukimya wa mtoto ulikuwa ni ugonjwa uliopona. Makumbusho yameufanya ukimya huo kuwa cheo chake cha kudumu.

Maneno ya kuyasemea mateso hayo yapo, tena yamekwisha kusikiwa karibu sana na hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa kwa azimio la tarehe 8 Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikafungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, nayo ni hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Wanafunzi wa sheria huijua kwa hilo. Wanafunzi wa lugha wangepaswa kuijua kwa jambo jingine: majaji walitenga nafasi katika hukumu yao kueleza maneno ya Kinyarwanda. Walimwita mtaalamu wa isimu akaeleza maana ya inyenzi, maana ya ibyitso, na namna maana hizo zilivyogeuka kwa kadiri ya msemaji na wakati. Wanawake waliponajisiwa walisimama kutoa ushahidi, wakalitaja tendo hilo kwa maneno kadhaa, kati yao gusambanya na gufata ku ngufu, na wakalimani wakayafasiri yote kwa neno moja la Kiingereza. Mahakama ikaona kuwa haiwezi kupita bila ya kuyapima maneno yenyewe. Gufata ku ngufu: Mswahili hahitaji kamusi kuisikia nguvu iliyomo.

Mahakama hiyo ilikuwa na kasoro nyingi, na wanyarwanda wengi waliilaumu kwa gharama zake na kwa mwendo wake wa kobe. Lakini ilijua kwamba shahidi ni mtu asemaye, na kwamba akisema kwa lugha yake, neno lake ni sehemu ya ushahidi na haliwezi kuvuliwa kama koti mlangoni. Mtu wa mahakama alilijua hilo, naye mtu wa sanaa, ajisifuye kwa wepesi wa hisia, hakulijua.

Yafaa kulitazama na jina lenyewe analoitwa mtu huyu. Kiswahili humwita manusura. Neno hilo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya msaada: manusura ni mtu aliyeletewa nusura, aliyefikiwa na mwokozi. Ukilitumia kwa Ntarama bila ya kufikiri, umesema uongo. Hapana aliyekuja. Tarehe 21 Aprili 1994, siku sita baada ya kanisa kushambuliwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake waliokuwako Rwanda, wapatao 2,500, wabaki 270. Kinyarwanda humwita mtu huyo uwacitse ku icumu, aliyeuponyoka mkuki. Hapo hamna mwokozi. Muna mkuki, muna mkono uliourusha, na muna mtu aliyekimbia kwa miguu yake mwenyewe. Maneno mawili, nchi mbili jirani, lugha mbili za ukoo mmoja, na tofauti yake ni hukumu nzima juu ya mwaka 1994. Ni picha gani, iwe wazi au iwe sandukuni, iwezayo kulisema jambo hilo? Nalo limekuwa likisemwa kila siku na wakulima wa Bugesera.

Isidhaniwe kuwa kinachodaiwa hapa ni kuitupa kamera. Yolande Mukagasana, muuguzi wa Kigali aliyeuliwa mumewe na watoto wake watatu, alishirikiana na mpiga picha Alain Kazinierakis, na mwaka 2001 wakatoa kitabu cha picha na ushuhuda, Les blessures du silence. Ndani yake wamo waliookoka na wamo walioua. Kila mmoja ana uso, na kando ya uso ana maneno yake. Na muulizaji ni mwanamke ambaye naye aliuponyoka mkuki, ajuaye lugha, ajuaye vilima, asiyeweza kudanganywa juu ya maana ya gukora, yaani kufanya kazi, neno walilolitumia wauaji kwa kuua. Kitabu kimechapwa kwa Kifaransa, na huo nao ni upungufu. Lakini tofauti iko mahali panapohusika. Pale hapana atetemekaye kwamba uso utamdhalilisha mwenyewe, kwa sababu mwenye uso anasema, na asemaye hawezi kugeuzwa pambo kwa urahisi.

Na wako waliofanya hivyo bila ya kuitwa wasanii. Katika kumbukumbu ya Gisozi mjini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, kimo chumba ambamo jamaa za waliouawa wameleta picha za nyumbani, zikaning'inizwa safu kwa safu: bibi arusi, mwanafunzi aliyevaa sare, mzee aliyekaa juu ya kiti cha studio na mkono juu ya goti. Hazikukatwa, hazikutiwa giza, hazikuzidishwa mara milioni. Zilichaguliwa na watu waliobaki, kwa kipimo chao wenyewe cha nini chafaa kuonwa. Anayefundisha kuwa heshima ni kuficha, aende akasimame katika chumba hicho, kisha awaambie wenye picha kwamba wamekosa adabu.

Susan Sontag aliandika mwaka 1977 kuwa wingi wa picha za mateso huzifisha dhamiri za watazamaji. Mwaka 2003, katika kitabu chake cha mwisho juu ya jambo hilo, aliitilia shaka kauli yake mwenyewe. Wanafunzi wake wa mbali wameshika kitabu cha kwanza wakasahau cha pili, kama ilivyo desturi ya wanafunzi wa mbali. Lakini hata Sontag alizungumza juu ya mtazamaji. Mjadala mzima wa nchi zile, wa kuonyesha na kuficha, ni mjadala wa afya ya mtazamaji: ataumia, atazoea, ataona haya, atachoka. Mwanamke wa Ntarama ameingia humo kama dawa huingia katika mwili wa mgonjwa. Pengine ni halali yao kujadiliana hivyo, ni watazamaji. Vyuo vya Afrika ya Mashariki havina sababu ya kuuchukua mjadala huo mzima mzima na kuufanya mtaala, kwa kuwa huku watu hawakuwa watazamaji. Mwezi wa Aprili na wa Mei 1994 maiti zilishuka na mto Kagera hata ziwa la Victoria, na watu wa pwani za ziwa wakazizika kwa mikono yao. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini pale Ngara yu mtu mzima sasa, na anachokijua anakijua kwa Kiswahili au kwa Kihangaza. Hajaulizwa iwapo mateso yanasemeka.

Katika kazi zote za Jaar juu ya Rwanda imo moja ndogo, isiyotajwa sana, ambayo haifai kuingizwa katika lawama hii. Mwaka 1994 aliokota kadi za posta za ofisi ya utalii, zenye picha za wanyama na mandhari nzuri, akaandika nyuma ya kila moja jina la mtu aliyekutana naye na habari kwamba mtu huyo angali hai, kisha akazituma kwa rafiki zake ng'ambo. Hiyo ni lugha iliyotumika barabara: jina, na habari moja ambayo jamaa yeyote angeikimbilia mlangoni. Kasoro yake ni anwani. Kadi zilikwenda kwa watu ambao hawakupata kuwajua wenye majina.

Anayetaka kuandika tasnifu juu ya sanaa ya namna hii, na wanazidi kuwa wengi, angefanya vyema kabla ya kuazima neno "ukimya" aende kwanza Bugesera, au asogee karibu zaidi, Ngara na Karagwe, akiwa na daftari, na kamera ikiwa anayo, na mkalimani asiye na haraka. Mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 1994 amekwisha kupita sitini. Na yule mtoto wa kambi ya Rubavu, ikiwa yu hai, amevuka thelathini, umri wa kutosha kabisa kueleza mwenyewe alisema nini katika wiki ya tano, na angependa iandikwe kwa lugha gani.